Maji Nyuma ya Kabati Lako

Mpenzi Baba Nekesa,

Tangu mvua ziishe chumba chetu kimekuwa kikinuka unyevu, nami nikajiambia ni baridi ya Eldoret tu. Halafu rangi ya ukuta ikaanza kubabuka, upande ule wa kabati lako. Hapo nikajua kuna maji yanapotelea mahali.

Nilifanya vile ulivyokuwa ukifanya. Ulikuwa unachuchumaa nje kwenye mita na kuniitia jikoni, "Mama Nekesa, umefunga mifereji yote?" "Nimefunga." "Na ya bafu?" Uliuliza mara tatu hata nikiwa nimeshakujibu. Na choo kilipovuja, ulimwaga rangi ya keki kwenye tangi lake uone kama itashuka yenyewe. Nekesa akakuta maji mekundu, akapiga nduru, ukacheka hadi ukakaa sakafuni.

Safari hii nilifunga mifereji, nikatoka hadi kwenye mita, nikaona kile kigurudumu kidogo kinazunguka polepole. Sikujiamini. Nikarudi ndani kuikaza tena, nikatoka. Bado kinazunguka. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Inatembea." Hakuna aliyenijibu.

Fundi alikuja kesho yake asubuhi. Alipapasa ukuta, akaugonga kwa vidole, akaweka sikio.

"Paipu imepasuka hapa nyuma, Mama. Lazima tutoe hii kabati."

"Huwezi kupitia upande mwingine?"

"Huko nje ni zege tupu." Akaniangalia. "Kwani kuna nini ndani?"

"Nguo."

Tangu tukuzike sikuwa nimelifungua. Nekesa akija kutoka Moi's Bridge husema tuzigawe, nami humwambia bado. Sasa nililifungua kwa sababu ya maji. Koti lako la kanisani lilikuwa limeota ukungu mgongoni. Ile sweta ya kijivu ilikuwa imeloa, na nilipoinusa, harufu yako haikuwepo tena. Ilinuka ukuta. Nilikaa kitandani nikiwa nimeipakata, fundi akajifanya anatafuta nyundo.

Alivunja ukuta, akakata kipande kilichooza, akaunga kingine. Mita ikatulia. Alipoondoka nikafua nguo zako zote kwa mkono, nikazianika uani.

Kuna jirani amehamia hapa baada yako, mama mmoja mchangamfu. Alipita akaona mashati na suruali zimejaa kwenye kamba.

"Kumbe mzee wako yuko, Mama? Mbona sijawahi kumwona?"

Nilikuwa nimeshika pegi mkononi.

"Yuko," nikasema. "Ametoka kidogo tu."

Akaniambia nikusalimie, akaenda zake. Nami nikabaki pale uani, na kwa muda huo mfupi nilikuwa mwanamke ambaye mumewe ametoka kidogo tu.

Nitamwambia ukweli kesho. Usinichekelee.

Pokea salamu za jirani.

Mkeo,
Mama Nekesa