Sufuria ku mulango ya usine

Luc mutoto wangu,

Huku Cimpunda tuko muzuri. Mvua ilibomoa choo ya jirani, na dada yako Francine alizaa mutoto mwanaume. Tulimupa jina yako.

Tulifurahi kusikia kama usine, kile kiwanda ya sabuni, itafunguliwa tena, na wewe utakuwa mukubwa ya wafanyakazi. Kisha jana tukakusikia ku radio, ukisema patron mupya, mwenye usine, hataki sendika, chama ya wafanyakazi.

Papa yako, mwenye alikuwa delege, musemaji ya sendika, mpaka usine ikafungwa, hakukasirika. Alizima radio, akafua salopeti yake ya kazi, akaianika. Akasema: “Hapa nyumbani, Luc ni mutoto wangu. Kule ku mulango ya usine, tutaonana.”

Kitanda yako iko tayari. Lakini siku ya kufungua usine, nitapeleka sufuria ya bugali na sombe, majani ya muhogo, kule ku mulango, vile sisi wanawake tulikuwa tunafanyaka mu mugomo ya zamani. Ukipita na motokari ya patron, simama, nitakupakulia. Ila utashuka, utakaa chini, utakula pamoja na papa yako na wafanyakazi wenzake.

Ni mimi mama yako,
Eulalie