Nani Alibisha Hodi Kwanza

Buyenzi, Avenyu ya 14,
Bujumbura.
Alhamisi, 4 Aprili 2002.

Mpendwa mdogo wangu Moosa,

Assalaam alaykum. Kama ninavyokujua, utakuwa umeshakata kamba ya kifurushi na barua umeitupa kitandani. Toa mkono humo. Soma kwanza mpaka mwisho, vilivyomo havina miguu.

Hujambo lakini? Unalalaje, unakulaje, kile kikohozi cha baridi kimekwisha? Lile koti lililoharibika zipu umelipatia fundi, au bado unalifunga kwa pini? Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Binti yangu Rania yuko darasa la tano na ameanza kunijibu. Mjomba Suud bado ana duka lake na bado anagombana na redio. Mvua imeshika, ua wote ni tope. Juzi milio ya bunduki ilisikika upande wa milimani mpaka alfajiri, asubuhi watu wakaenda sokoni.

Mama anakusalimu sana. Habari zake zipo huko chini, maana nikianza nazo sitaweza kuandika mengine.

Sasa nikuambie ukweli, Moosa. Mimi nimechoka na Finlandi.

Usinune. Barua zako saba nimezisoma kwa sauti hapa uani, kila moja mara tatu au nne, kwa sababu Mama macho yake hayawezi tena maandishi na kila mgeni anayeingia lazima naye asomewe. Mimi ndiye redio yako. Nchi hiyo naijua kuliko ninavyoijua Gitega. Najua ina maziwa laki moja na themanini elfu na zaidi, kwamba mji wako wa Tampere umekaa katikati ya mawili, moja juu na jingine chini, na maji yanateremka kwa kelele katikati ya mji, yaleyale yaliyoendesha viwanda vya nguo zamani. Najua nchi inaizidi Burundi mara kumi na mbili kwa ukubwa na bado watu wake hawatufikii sisi kwa wingi. Najua mtu anaweza kuingia msitu usio wake akachuma matunda na uyoga na hakuna wa kumwuliza. Hapo Mama alinisimamisha nirudie, maana kwetu watu wanapelekana mahakamani kwa ajili ya migomba miwili.

Barua ya Ramadhani ndiyo iliyompendeza kuliko zote. Ulipoandika kwamba jua lenu lilizama saa tisa na robo, na saa zetu na zenu wakati ule ni zilezile, Mama alihesabu kwa vidole, akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Akasema huko si kufunga, huko ni kuchelewesha chakula cha mchana. Kisha akasema ngoja Ramadhani imwangukie mwezi wa sita, jua halitaki kulala, hapo ndipo atatuandikia kwa machozi.

Na uliposema kwamba hao watu wanakunywa kahawa kuliko watu wote wa dunia, Daphrose aliguna. Kwao Kayanza wamepalilia kahawa tangu babu yake. Akasema, "Kumbe ni huko inaendaka. Sisi tunapalilia, tunakunywa chai."

Ndiyo, Daphrose. Usiiruke aya hii. Kila Jumanne anakuja kwa miguu kutoka Mutanga Nord kuzisikiliza barua zako, na anakaa pembeni ya Mama kwenye mkeka uleule. Unataka nikukumbushe ni nani? Tulipoishi Kanyosha, ukuta wetu na wake ulikuwa mmoja. Mama alipolazwa miezi miwili, wewe ulilala mgongoni kwa Daphrose. Sahani ya Idd ilitoka kwetu ikaenda kwake, sahani ya Noeli ikatoka kwake ikaja kwetu, na hakuna hata siku moja iliyorudi tupu. Na kuku wake wa Noeli alimleta angali hai ili achinjwe na Baba, na Baba alipofariki, achinjwe na kaka yetu Musafiri, kusudi sisi tuweze kula. Noeli iliyopita amevuka mji mzima na kuku kwapani, akipita kwenye vizuizi vya askari, akitafuta wa kumchinja. Alichinja mjomba Suud. Tulikula sote, na Mama akalia kidogo.

Tuje kwenye barua yako ya mwezi wa kumi na mbili, ile ya kurasa sita.

Uliandika vizuri, sikukatalii. Ulieleza jinsi Waswidi walivyowatawala miaka mia sita na ushei, kisha Warusi miaka mia moja na kidogo, kisha wakapata uhuru wao, na kabla hata hawajauzoea wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe, Wekundu na Weupe, mwaka wa 1918. Watu zaidi ya elfu thelathini kwa miezi michache, wengine wakafia makambini kwa njaa. Na Tampere yako ndiko mapigano yalikokuwa makali kuliko kote. Ulisema baada ya hapo watu wa mtaa mmoja walikuwa na maduka yao, kila upande lake, na hata vilabu vyao vya michezo, kila upande chake, na kwamba mambo hayo hayakutajwa mezani kwa miaka na miaka.

Kisha ukatuletea yule mama mzee wa ghorofa ya chini, Bi Helmi, unayemsafishia theluji mlangoni naye anakupa kahawa kila Jumamosi. Ulisema baba yake alikuwa Mwekundu na baba wa mumewe alikuwa Mweupe, na wazee hao wawili waliishi mtaa mmoja miaka ishirini bila kusalimiana. Mpaka siku moja wakaketi pamoja, wakaingia kile chumba chao cha mvuke, uchi kama walivyozaliwa, wakatoka wekundu wote wawili, wakanywa kahawa. Hapo ukafunga barua. Ukaandika, "Ndivyo walivyo watu wa huku," na salamu kwa wote.

Kisha Mama akauliza: nani alibisha hodi kwanza?

Nilikuandikia swali hilo Januari. Hukujibu, ulileta kurasa nne juu ya barafu, jinsi wanavyotoboa shimo ziwani wakavua samaki wamekaa kwenye viti. Nikauliza tena Februari. Ukaeleza kwamba rais wao ni mwanamke na kwamba nchi ina lugha mbili za serikali. Nikauliza mara ya tatu, ukaandika kwamba huko mtu hamtembelei mwenzake bila kupiga simu kwanza, ndiyo desturi. Moosa, mi ni mwalimu. Mtoto anayekwepa swali namjua hata akiwa nyuma ya darasa.

Na sasa najua kwa nini unalikwepa, kwa sababu mwezi wa tatu Daphrose alikuja na barua nyingine. Ya mwanawe Bonfils.

Miezi hii yote umetuandikia miti, maziwa na hata rangi ya basi unalopanda. Kwamba Bonfils, ambaye kanisa lao lilimpeleka kusomea umeme, yuko Tampere ileile, hukutuandikia. Tumelisikia kwa Daphrose. Na tumesikia kwamba amekutana nawe mara tatu. Ya kwanza kituo cha basi, ya pili maktaba, ya tatu dukani. Mara zote tatu amekusalimu kwa Kirundi, amahoro, na mara zote tatu umegeuka. Dukani uliacha kikapu chako na vitu ndani, ukatoka.

Daphrose aliisoma barua hiyo yeye mwenyewe, mbele ya Mama. Alipomaliza akasema, "Mi sikuji kumutetea mutoto wangu. Alikuwa pale. Aliona wauaji wanamushusha Musafiri mu gari, akanyamaza. Alikuwa na miaka kumi na saba, lakini mudomo alikuwa nao." Mama akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka saa ya kurudi kabla ya amri ya kutotembea usiku.

Najua utakachosema. Utasema Mwanvua amesahau. Musafiri alikuwa kaka yangu kabla hujazaliwa wewe. Mimi ndiye niliyeitwa kuutambua mwili wake, na nilimtambua kwa kwapa la shati nililolishona kwa mkono wangu. Bado napita mbali na barabara ile alikoshushwa. Basi usinifundishe mimi uchungu.

Wala sikuambii umsamehe. Sina mamlaka hayo, na sijui kama mimi mwenyewe nimefika huko. Nakuambia ujibu salamu. Na kama huwezi kujibu salamu, basi usinitumie tena historia za watu waliopatana nizisome kwa sauti mbele ya Daphrose, kwa sababu nilijiona mjinga, na nilikuwa mjinga kwa ajili yako.

Sasa habari za Mama.

Ile sauti yake ya kukwaruza tuliyodhani ni mafua si mafua. Ana uvimbe kooni. Atapasuliwa Jumatano ya tarehe kumi na saba mwezi huu. Daktari ametueleza waziwazi: uvimbe utatoka, inshallah, lakini sauti huenda isirudi. Mama alisikia, akauliza kama ataweza kula, akaambiwa ndiyo, akasema basi. Tangu siku hiyo anaongea kutwa. Anamwongelesha Rania, anaongelesha kuku, anaongea na wapita njia. Sijamwambia apumzike.

Jumanne hii yeye na Daphrose walifunga vifurushi viwili, vya kubebwa na Padri Népomuscène, anayeondoka Jumamosi kwenda mkutano wa kanisa huko kwenu na ameahidi kuviweka posta akifika. Kimoja kimeandikwa jina lako, kingine jina la Bonfils. Mimi nilitaka kusaidia, nikafukuzwa. Baadaye waliazima kinasa sauti cha mjomba Suud na kanda moja tupu, wakaingia chumbani, wakafunga mlango. Upande wa kwanza ni Mama, wa pili ni Daphrose. Walichosema sikijui. Nilisikia mara moja wanacheka, kisha Mama anakohoa.

Haya, sasa fungua kifurushi.

Utakuta shati refu la mikono mirefu, litakupita magotini. Utakuta rozari mpya, na kilo moja ya kahawa ya Kayanza iliyokaangwa na Daphrose mwenyewe. Usidhani wazee wamechanganya. Hivyo ni vya Bonfils. Vyako anavyo yeye: kofia ya Idd aliyoifuma Mama kabla ya macho kuchoka, ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, walizozianika hapa juani, na hiyo kanda. Mama alivipanga mwenyewe. Nilipomwambia, Mama, huyu mtoto atakasirika, alijibu kwamba yeye na Daphrose wamebadilishana sahani miaka thelathini na hawakuwahi kuwaomba watoto ruhusa.

Namba ya simu ya Bonfils imeandikwa ndani ya kola ya shati, kwa kalamu, mwandiko wa Daphrose. Piga kwanza, si ndiyo desturi ya huko.

Shangazi Mwavita anakusalimu na anauliza kama umeoa. Mjomba Suud anasema kofia uvae, usiweke sandukuni. Rania anakusalimu na anataka picha ya mtu anayevua samaki kwenye shimo. Watoto wa darasa langu bado wanauliza kama theluji ina harufu. Daphrose anakusalimu, na anasema bado anakumbuka uzito wako mgongoni. Mungu akukinge na baridi ya nje na ya ndani, akufungulie riziki, na akukutanishe na watu wako popote walipo.

Kuna simu dukani kwa mjomba Suud, namba unayo. Ukishaisikiliza kanda, piga, nami nitamkimbilia Mama nimlete hapo mlangoni. Mpe jibu lake wewe mwenyewe, kwa maneno mawili, la Bi Helmi au lako, yeye hatajali ni lipi. Lakini piga kabla ya tarehe kumi na saba, Moosa. Anataka kukuuliza mwenyewe, kwa mdomo wake, nani alibisha hodi kwanza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia hivi,

Mwanvua