Hatua za Miguu

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu, na kwamba mashine ya kusafisha damu haikuchoshi kama mwezi uliopita. Huku sote wazima. Shemeji yako anakusalimu, ingawa mimi wiki hii hanisemeshi, na sababu utaiona humu humu. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenibana kwa maswali, nami ningekudanganya tena.

Unakumbuka kiangazi nilivyoanza kwa kishindo. Daktari alisema figo yangu inakufaa, ila nishuke kutoka kilo tisini na sita hadi themanini na tano, na presha itulie, ndipo wanipasue. Wewe ukaninunulia saa ya kuhesabu hatua, inayokutumia hesabu kwenye simu yako kila jioni. Kaka, nilikimbia kweli! Alfajiri nipo barabarani, jasho chapachapa, hadi wateja wakauliza fundi wao wa nguo anafukuzwa na nyuki gani. Nikashuka kilo sita.

Halafu mvua zikaanza. Siku ya kwanza nikasema viatu vimelowa. Ya pili, havijakauka. Ya tatu vilikuwa vikavu kabisa, nikasingizia sare za shule zilizonirundikia. Jioni hiyo ukauliza kama naumwa, maana saa ilionyesha hatua mia nne tu. Aibu ikanishika. Jirani yetu msoma mita za maji, yule tunayemwita Miguu kwa kushinda akitembea nyumba hadi nyumba, alikuwa amekuja kuchukua suruali yake. Nikamvisha saa, nikamwomba awe anaichukua asubuhi na kuirudisha jioni.

Mvua zikaisha, baridi ikaingia, na Miguu bado anaivaa. Uliponipongeza kwa hatua elfu ishirini na mbili, ukasema umewaonyesha wauguzi na wagonjwa wenzako wote, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini asubuhi yake nikampa Miguu saa tena.

Aliyenifumania ni shemeji yako. Alikuta suruali juu ya cherehani, nimefumua kiuno ili nikiongeze. Akauliza ni ya nani. Nikajibu ni ya mteja. Akatia mkono mfukoni, akatoa leso yangu na funguo za nyumba yetu. Akaniuliza mtu anayekimbia kila siku anapanua suruali ya nini. Juzi akanipeleka kliniki mwenyewe, kama mtoto wa chanjo, na mizani ikasema kilo tisini na nane. Na vipimo vya mwisho ni Jumatatu hii!

Daktari alimwomba shemeji yako atoke, kisha akaniuliza kwa upole kama kweli nataka kutoa figo. Alisema hakuna wa kunilazimisha, na nikikataa atakuambia tu kwamba sifai, sababu abaki nayo yeye. Akaniletea maji ya kunywa, nikayamaliza yote.

Sasa nisikilize, kaka. Mvua nimeisingizia. Naogopa kisu. Naogopa kulala pale nisiamke, wanangu wakabaki yatima. Kila kilo niliyopunguza ilinisogeza karibu na kitanda kile, basi nikaacha kupungua, nikawa nakula hata nikiwa nimeshiba. Nilikuwa nakukatalia, ila mdomo ulishindwa kukuambia.

Nimemwambia daktari asikufiche neno. Amenipa wiki kumi nyingine za kupungua. Najua kwako hizo ni safari thelathini zaidi za mashine, na zote nimekuongezea mimi. Leo asubuhi nimekimbia, masikio yanauma kwa baridi na hofu iko palepale. Kesho nitakimbia tena. Kila Jumatatu muuguzi atanipima na kukupigia simu yeye, kwa kuwa najua hutaniamini, na una haki.

Nisalimie mama. Usimweleze mpaka hasira zako zipoe, maana yeye hajui kugombeza nusu nusu. Wanangu wanakuamkia.

Ukisema huitaki tena figo ya mwongo, nitakuelewa. Lakini naomba uipokee, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi