Shemeji Anataka Kujifanya Marehemu Mume Wangu

Mpendwa Mama Sylvia, nisaidie kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ndiyo shemeji yangu amesema twende ofisi ya ardhi, na mimi sijui kama nakwenda kuokoa nyumba yangu au kuipoteza. Mimi ni mjane, nina hoteli ndogo hapa Malaba, ya chai, chapati na matumbo, wateja wangu ni madereva wa trela wanaongoja karatasi zao zipite forodha, na nyuma ya hoteli ndipo tunaishi mimi na watoto watatu. Mume wangu, Geoffrey Ekisa, mtu wa Moding, alifariki Machi mwaka huu wa 1997, na cheti cha kifo kimeandikwa jina hilo.

Sasa shida. Kabla hajanioa alifanya kazi miaka mingi ng'ambo ya mpaka, Tororo, Uganda, na huko ukishikwa bila tiketi ya kodi, ambayo ndiyo ilikuwa kama kitambulisho, ulikuwa unalala ndani, kwa hivyo mjomba wake akamkatia tiketi kwa jina la Okello, kama mwenyeji, watu wote wa huko wakamjua kwa hilo, na aliporudi kununua hii ploti kitambulisho chake cha Kenya kilikuwa kimepotea, akatoa ile tiketi, mzee Protus aliyemuuzia hakuuliza, wakaandikishana, na ofisini ikaingia hivyo hivyo, Okello. Nilimwambia mara nyingi, baba watoto, rekebisha hiyo kitu, yeye anacheka tu, anasema kwani mimi naenda wapi.

Ndugu yake Odeke, wanafanana kabisa, anasema hakuna haja ya korti. Ataenda na ile tiketi, aseme yeye ndiye Okello, yuko hai, ananipa ploti, siku moja kazi imeisha. Nikamwuliza, "Na karani akijua?" Akasema, "Shemeji, wewe nyamaza tu, nitaongea mimi." Si mtu mbaya, tangu msiba ndiye ananiletea mahindi.

Na nikuambie ukweli, nimekubali nusu, na si kwa kuogopa korti peke yake. Huko Tororo kuna mama anaitwa Aluka, alizaa msichana na mume wangu kabla yangu. Alikuja matangani, hakuna mtu alimkaribisha, mimi nilimwona nikageuza uso. Nasikia korti hutangaza jina la marehemu mbele ya kila mtu, sasa naogopa atasikia, aje adai. Nielekeze.
Roselida, Malaba

Roselida dada yangu, pole sana. Pole ya kufiwa, na pole ya kuachiwa shida ambayo mwenyewe alikuwa anaicheka. Wanaume wetu wa mpakani! Wanavaa majina mawili kama mashati mawili, wakifa mke ndiye anabaki kuyafua.

Lakini ebu fikiria. Odeke akisimama mbele ya karani aseme yeye ni Okello, basi Okello ni mzima wa afya, na mtu mzima hana mjane. Ploti imekuwa yake, akupe au asikupe. Leo ni mwema, je, mkikosana? Akifa, watoto wake watakujua wewe nani? Na mkigunduliwa mtashtakiwa wote wawili, maana aliyenyamaza huku anajua naye amedanganya. Mwambie asante, ila Jumatatu hamwendi. Hiyo tiketi ichukue leo uifungie.

Nenda kwa chifu akuandikie barua yenye majina ya wote walioachwa na marehemu. Mtafute mzee Protus angali na nguvu, aape kwa maandishi kwamba Okello aliyenunua ploti kwake ndiye huyo mliyemzika. Kisha nenda korti ya Busia, uombe barua za kusimamia mali ya marehemu, utaje majina yote mawili. Tangazo litatoka kwenye gazeti la serikali, mtangoja siku thelathini, na ugawaji wenyewe utachukua kama miezi sita kuthibitishwa. Huna pesa ya wakili? Waulize makarani wa korti wakuonyeshe fomu. Wewe endelea kupika chapati, lakini mtu asiuze hata bati moja.

Sasa Aluka. Hapa nakugombeza. Sheria haiulizi mtoto alizaliwa upande gani wa mpaka. Huyo msichana ni mtoto wa marehemu, na ukimficha, barua utakazopewa zinaweza kufutwa uanze upya. Uchungu wako nauelewa, hata mimi labda ningegeuza uso. Lakini Protus alifanya biashara na mume wako mara moja tu. Ni nani aliyeishi na Okello, akampikia Okello, kisha akaja Moding kumzika Ekisa? Unayemkimbia ndiye shahidi wako mkubwa, Roselida.

Kwa hiyo Jumatatu vuka mpaka, nenda kwake. Usianze na mambo ya ploti. Mpe pole, maana naye alifiwa na hakuna aliyemwambia pole. Mwulize binti anaitwa nani, yuko darasa la ngapi. Ndipo umweleze shida yako yote, na umwambie kwamba jina la binti yake utaliandika kwenye ombi, hata yeye akikataa kukutolea ushahidi.