Kinyumenyume Hadi kwa Wakwe

Jumamosi, 8 Agosti

Tulifika, ingawa kinyumenyume.

Tulikuwa tumetoka Gatuanyaga kwenda kwa kina Wambui, Gatongora, kuzungumzia mahari. Tulipokaribia geti lao, nguchiro akakatiza mbele ya gari. Mjomba Kamau, msemaji wetu, akaamuru turudi nyumbani.

"Ukipita hapo, kijana, utaoa matanga."

Nilimsihi hadi nikaona aibu. Mwishowe alikubali tusonge, mradi gari liende kinyumenyume, ili mkosi udhani tunaondoka.

Shosho, nyanya yake Wambui, alikuwa getini, mikono kiunoni.

"Mbona mnatujia na matako?"

"Ni nguchiro, mama," Mjomba akajibu kupitia dirishani.

"Alitokea upande gani?"

"Kushoto."

Akafungua geti upesi. "Mngekuja kwa mbele ningewafukuza."

Mahari ilikubaliwa kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimeogopa sana kumkosa Wambui, kwa hivyo nashukuru kwa dhati.

Lakini Mjomba na Shosho walikaa hadi jioni wakichagua siku ya harusi. Kila Jumamosi ina kasoro yake. Wametuachia Jumanne moja, asubuhi, mvua isiponyesha.