Mchoro Uliokaa Mahali pa Picha Yako

Dada,

Mwaka mzima umeshapita tangu ulale usiamke, nasi wa nyumbani kwako tunakuandikia hapa gazetini, mbele za watu, kwa sababu kuna jambo limetukaa kooni. Wasomaji watuwie radhi. Watashangaa pia kwa nini juu ya maneno haya hakuna sura yako, bali mduara wenye vijiduara visivyolingana, uliochorwa kwa penseli. Wasubiri kidogo, tutafika huko.

Mama amesema niandike kwa adabu. Nimemwambia nitajaribu. Unanijua mdogo wako: nashona sare za shule kutwa, pini mdomoni, na zikitoka pini hutoka na maneno.

Nianze na mazuri. Ulifundisha sayansi katika shule ileile tangu usichana wako, chumba cha mwisho kabisa, chenye meza ndefu na bomba lisiloacha kudondoka. Watoto walikuita Mwalimu Kitunguu. Walidhani hujui, kumbe ukisikia unacheka kimoyomoyo. Kila mwaka uliingia darasani na mfuko wa vitunguu, ukamenya, ukampa kila mmoja kile kiganda chembamba akiweke chini ya hadubini, aone seli zilivyopangana kama matofali. Waliotokwa na machozi uliwaambia wasijali, sayansi huwasha macho mwanzoni tu.

Hukutaka mtoto achore kutoka kitabuni. "Kitabu kimeshachorwa," ulisema. "Wewe chora kilichopo." Aliyeleta picha nzuri ya uongo ulimkata alama. Aliyechora povu la hewa na unywele ulioangukia kwenye kioo, kwa kuwa ndivyo alivyoviona, ulimpa zote. Mzazi mmoja alikuja juu, eti mwanawe anaonewa. Ukamvutia stuli, ukamwambia atazame mwenyewe kwanza. Aliondoka ameshachelewa kazini, anakushukuru.

Na nyumbani je? Chai yako ilipoa kila jioni. Ulisahihisha madaftari miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, shemeji akikuita ukalale, unamjibu, "Bado seli mbili, mume wangu." Zilikuwa mbili zisizoisha. Sasa hivi beseni lile analitumia yeye, na hatuna moyo wa kumwambia limetoboka.

Ulipopata ule uvimbe wa titi, daktari alikata kipande kikapelekwa maabara ya hospitali. Mwingine angekaa nyumbani akingoja majibu. Wewe ulikwenda mpaka mlangoni pa maabara, mimi nikiwa nyuma nimekubebea mkoba, ukamwambia yule mtaalamu, "Hebu nipishe kidogo, mwanangu. Hizo ni zangu, nami sijawahi kuziona." Akababaika, akakupisha. Ukainama kwenye hadubini. Halafu ukasema, "Loo. Kumbe ndio ninyi."

Walikuomba wabaki na kile kipande kwa ajili ya utafiti wao. Ukakubali papo hapo, ila kwa sharti: wakupe slaidi moja, yaani kile kipande cha kioo chenye seli zako zilizotiwa rangi ya zambarau na waridi, ukafundishie. "Ninyi chunguzeni huku, na wanafunzi wangu wachunguze kule," ulisema. "Tusaidiane kazi." Mtaalamu akakupa, ndani ya kijisanduku, akakuonya kwamba isikae juani, maana rangi itapauka na seli zitapotea machoni. Onyo hilo ulitusomea sote nyumbani mpaka tukachoka nalo. Slaidi ukaiweka kwenye droo ya soksi, gizani.

Somo ulilolifundisha nayo hatukuliona, tulisimuliwa na wanafunzi wako siku ya msiba. Ulikuwa umeshadhoofu, unafundisha umekaa. Ukawaonyesha kidato cha tatu seli za ndani ya shavu kwanza, kisha hizo nyingine. Ukawaambia, "Hizi za kwanza zikigusana na jirani zao, hutulia. Hizi za pili hazijui kutulia. Chora tofauti unayoiona." Msichana mmoja akauliza ni za nani. "Zangu," ukamjibu. Wanasema bomba lilisikika chumba kizima. Kuna aliyeanza kulia, ukampa kitambaa, ukamwambia afute macho asije akaloanisha lenzi, halafu aendelee kuchora.

Binti yako alikuwa kidato cha pili wakati ule. Alichungulia dirishani, ukamfukuza kama unavyomfukuza mtoto wa mtu yeyote. Jioni alinuna, chakula hakikupanda. "Mama, watu baki wamekuona. Mimi sijakuona."

"Mimi sina upendeleo," ukamwambia, huku unacheka. "Ukifika kidato cha tatu utaniona kama wenzako." Mkapeana mikono juu ya meza kama wafanyabiashara wawili. Yeye kidato cha tatu amefika, wewe hukufika.

Hapo ndipo adabu yangu inapoanza kunikimbia, dada.

Tulipokwisha kukuzika, mkuu wa shule alikuja kutupa pole, akaomba kitu chako kimoja cha kukukumbukia. Shemeji akaingia chumbani, akatoka na kijisanduku, akamkabidhi kwa mikono miwili. Akamwambia ni cha darasa. Akarudia: cha darasa. Nilikuwepo, na masikio yangu ni mazima.

Mkuu akafanya nini? Akatengenezesha kabati la kioo, akalisimamisha mbele ya ofisi yake, likitazamana na dirisha kubwa linaloingiza jua mchana kutwa. Ndani akaweka hadubini, ile moja tu iliyokuwa nzima shuleni. Mbele yake akailaza slaidi yako juu ya kitambaa cheupe, akaizungushia maua ya plastiki. Akapiga kufuli. Juu yake kuna maandishi ya rangi ya dhahabu kwamba ulitumikia kwa moyo. Wageni wakija hupigia picha hapo.

Jamani! Slaidi haionekani kwa macho matupu. Mtu akisimama mbele ya kabati lile anaona doa la waridi tu, anatikisa kichwa kwa huzuni, anakwenda zake. Wewe uliyegombana na kila mkuu wa shule aliyepita kwa sababu ya vifaa kufungiwa visichafuke, leo umefungiwa navyo, na tunatakiwa tuseme asante. Watoto nao wamerudi kunakili seli kutoka ubaoni, duara kubwa, duara dogo ndani yake, basi.

Mwanao alirudi siku moja akalitupa daftari mezani. Mchoro ulikuwa safi, una alama nyekundu ya vema. "Nimepata zote," akasema. "Na sijaona chochote." Akaingia chumbani kwenu akajifungia.

Shemeji, na upole wake ule unaoujua, akasema tuvumilie, wenzetu wamekusudia kukuheshimu. Mama akamkata kauli. "Mwanangu si sahani za wageni, akae kabatini apanguswe vumbi."

Basi nikaenda shuleni, uzi bado umening'inia begani. Mkuu alinikaribisha vizuri, sitamsingizia. Nikamwambia tunaomba slaidi irudi darasani pamoja na hadubini, na kwamba pale juani inaharibika.

"Mama, kile ni kielelezo cha heshima," akasema. "Watoto wakikishikashika kitavunjika."

"Na wasipokishika?"

"Kitadumu."

"Kitadumu kikifanya nini, mkuu? Wewe mwenyewe umeshaziona hizo seli?"

"Naziona kila siku ninapopita. Zile nyekundunyekundu."

Dada, nilicheka mpaka katibu wake akafungua mlango. Nikamweleza kwamba ile ni rangi, kwamba seli ziko ndani ya hiyo rangi na huzioni mpaka uiname. Akajikohoza. Akasema jambo hilo litapelekwa kwenye kamati. Ebo! Kwani kamati ndiyo iliyomnyonyesha? Kamati ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na kila nilipopeleka sare shuleni nilipita pale nikaliona doa lako linazidi kuwa jeupe. Nililala na hasira, nikaamka nazo. Nilishona suruali ya mtoto wa watu nikaifunga kiuno.

Mama ndiye aliyemaliza maneno. Hakutuaga. Alichukua shali yake na kile kigoda cha jikoni, akaenda shuleni, akalifunika kabati lote kwa shali, akakaa kando yake. Walipomuuliza anafanya nini, alisema, "Mwanangu anaungua jua."

Wakamwomba aondoke. Akauliza kama kuna sheria inayomkataza mama kukaa na mwanawe. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Wanafunzi wakaanza kumsalimia wakipita, wengine wakamletea maji. Mgeni mmoja mkubwa wa mambo ya elimu alipokuja kupiga picha akakuta shali na bibi kizee anayemtazama bila kupepesa. Akauliza kulikoni. Mama akamwambia, kwa sauti ile ile aliyokuwa akituitia chakula sisi wadogo. Mchana ule ule ufunguo ukapatikana, na ile kamati hatujaisikia tena.

Tukaenda sote chumba cha sayansi: Mama, shemeji, mimi, na darasa zima la kidato cha tatu wakiwa wamejipanga. Mwalimu mpya, kijana mwenye nia njema, akaiweka slaidi chini ya lenzi. Mwanao alikuwa wa kumi na kitu kwenye foleni. Tukamwambia apite mbele, akakataa. "Mama alisema kama wenzangu."

Zamu yake ikafika. Akainama. Dada, anainama kama wewe, bega moja juu. Akakaa hapo muda mrefu, wala hakuna aliyemhimiza. Kisha akachukua penseli akaanza kuchora, anatazama, anachora, anatazama.

Mwalimu mpya akachungulia karatasi yake. "Viini vya seli viweke vyeusi zaidi," akamwambia kwa upole, "na hapa juu jaza. Kwenye kitabu ni seli tupu mpaka ukingoni."

"Hapa juu hakuna kitu, mwalimu. Zimepauka."

"Najua, lakini kwa ajili ya alama..."

"Nachora kilichopo," akasema mwanao. Na hakuinua kichwa.

Ndiyo hali halisi, dada, na tunakwambia wewe kwanza. Sehemu kubwa imekwenda. Kule juu ni weupe, na chini yake kuna vivuli visivyo na mpaka. Zilizobaki ni zile za upande mmoja tu, zilizokuwa kwenye kivuli cha maua ya plastiki. Maua niliyoyatukana mwaka mzima! Hapo rangi ya zambarau bado ipo, na seli zako zinasukumana vilevile, hazijui kutulia. Mwanao amezichora moja moja. Pale palipopauka amepaacha tupu, akavuta mstari mwembamba wa kuonyesha jua lilipofikia.

Ndio mchoro huo hapo juu. Picha zako tunazo, za harusi na za mahafali, na moja uliyokunja uso kwa sababu ya jua. Lakini mwanao alipoulizwa na Mama ipi iende gazetini, alileta karatasi hii. "Huyu ndiye niliyemwona mwenyewe," akasema. 

Mkuu wa shule amesikia habari ya mchoro. Alimwita mwanao akamwomba ampe, autie fremu, auweke kwenye kabati la kioo kwa kuwa sasa liko wazi. Mwanao akamjibu vizuri kuliko ambavyo mimi ningemjibu. Akamwambia, "Karibu darasani kwanza, mkuu, uzitazame. Ziko mezani."

Mkuu akatazama saa yake. Akasema ana kikao.

Slaidi yako imerudi kwenye kijisanduku chake, gizani, na hutolewa siku ya somo tu. Hadubini iko mezani, ina alama za vidole vya watoto kila mahali. Ungeiona ungefurahi, kisha ungewafokea waipanguse. Kabati bado limesimama mbele ya ofisi na maua yake. Anayetaka kukukumbuka asihangaike kusimama pale. Apite moja kwa moja hadi chumba cha mwisho, ainame, aseme anaona nini.

Wanaokukumbuka: mama yako, aliyerudi na kigoda chake jikoni; mume wako, mwenye beseni; mimi mdogo wako mshona sare; kaka zetu wawili walioko mbali, waliopiga simu wakiuliza waje wamkunje nani shati; wanafunzi wako wote walioumwa macho kwa vitunguu; na binti yako wa kidato cha tatu, aliyekungoja kwenye foleni na kukuona.

Hatutakusahau, dada, na hatutakubali tena mtu akufungie.