Swali la Kwanza Kwenye Mwongozo

Shari, Bunia, Septemba 2021

Dada yangu Honorine,

Amani iwe nyumbani mwako huko Aru. Magoti yako yanasemaje na mvua hizi? Sisi tuko salama, na mke wangu Anastasie anakusalimu. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu jambo hili linataka usome polepole, umeketi.

Uliniuliza ni kazi gani inayonikalisha mbele ya kompyuta katika maktaba ya sheria. Nikueleze. Tangu vita vifunge barabara, wanafunzi wengi hawafiki chuoni; wengine wanaishi kambini. Basi nikatengeneza mwongozo wa mtandaoni, wa kumwonyesha mtu sheria anayoitafuta iko wapi. Niliupanga kama rafu zangu: katiba, kode za sheria, hukumu za mahakama. Niliuona mzuri sana. Hakuna aliyeutumia.

Aliyeniambia ukweli ni Bénédicte, mwanafunzi ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Djugu. Kwanza alicheka. Kisha akasema, "Papa Anselme, mutu mwenye ndugu yake iko mu kasho, wamemufunga, hajue jina ya kode. Anajua tu kulia. Umupokee pale."

Tukauvunja wote, tukaupanga kwa maswali ya watu, kwa maneno yao. Tukaondoa picha ili ufunguke hata kwa simu yenye mtandao hafifu. Kila ukurasa tukauwekea tarehe, maana tangu jimbo liwekwe chini ya wanajeshi, kesi za jinai zimehamia mahakama zao, na ukurasa wa zamani humpeleka mtu kwenye mlango usio wake. Swali la kwanza likawa: Wamemkamata mtu wangu, nianzie wapi?

Mwezi uliopita kijana mmoja alikamatwa kwenye kizuizi cha njia ya Kilo. Hakuwa na kitambulisho, wakamdhania mwanamgambo. Akakaa kasho kupita muda ambao katiba inaruhusu, bila kuambiwa kosa, na wanaokaa hivyo wengine hupelekwa mbali wasionekane tena. Mzee wa familia yake akafungua swali lile, akalifuata: mahali pa kuuliza, kifungu cha kuonyesha, wakili asiyelipwa. Bénédicte akamsindikiza hadi ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi. Maofisa wakamtania Bénédicte kwamba anamtetea mtu wa upande uliowachomea wazazi wake nyumba. Akajibu kwamba kifungu hakiulizi kabila. Jioni kijana akaachiliwa.

Dada, mzee yule ni mimi. Nimezeeka katikati ya vitabu vya sheria, lakini siku ile kichwa kilikuwa kitupu. Niliufuata mwongozo wangu kama mgeni. Na kijana ni mwanao, Orly wako. Ulipomkosa kwenye simu, tulikuambia yuko Kilo na huko hakuna mtandao, kwa kuogopa presha yako.

Mshukuru Mungu pamoja nami, na umtaje Bénédicte kwa jina katika sala zako. Jumapili atakula kwetu, pamoja na mama yake.

Orly amekonda, lakini jana alimaliza sahani ya sombe, akauliza kama imebaki. Sasa unaweza kumpigia. Jaribu usianze kwa kulia.

Ni mimi, kaka yako,
Anselme